Moto Unatuuzia Haraka Tu

Katika saluni za Kasongo, na hata chini ya veranda za Lusangi na Kabambare ambako msusi hana kiti cha kuzunguka wala kioo kikubwa, kuna utaratibu mmoja tuliouzoea kiasi cha kutouona ajabu yake. Nywele zilizozaliwa na mikunjo hupakwa dawa zikanyooka. Siku zikipita, inapokaribia harusi au Idi au Krismasi, mwenye nywele hizo hurudi kwa msusi kutaka mikunjo, na hapo ndipo chuma hutiwa moto. Sina ugomvi na anayenyoosha nywele zake, wala na anayetaka kuzikunja tena baada ya kuzinyoosha. Pambo ni la mwenye kichwa, na hakuna sheria inayomlazimu mtu awe na sura moja mwaka mzima. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo, na naamini ni ngumu zaidi kuipinga: hatua ile ya pili, ya kuzikunja nywele zilizokwisha kunyooka, haihitaji moto. Maji kidogo, vipande vya kikwembe kilichochakaa na usiku mmoja vinaifanya kazi hiyohiyo, na mkunjo unaopatikana si mkunjo wa daraja la pili. Tofauti ya kweli kati ya njia hizi mbili ni saa, basi. Moto unatuuzia haraka, na kwa nywele zilizokwisha kupita kwenye dawa haraka hiyo ina bei kubwa.

Tuanze na unywele wenyewe. Umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikana ndani kwa vifungo vya aina kadhaa. Viwili ndivyo vinavyotuhusu. Kuna vifungo vya salfa, ambavyo ni vigumu, havijali maji wala kitana, na ndivyo vinavyoupa unywele nguvu na kulinda umbo lake la kuzaliwa. Halafu kuna vifungo vya hidrojeni, dhaifu kimoja kimoja lakini vingi mno. Hivi vya pili huachia unywele unapolowa, na hushikana upya unapokauka, katika umbo lolote ambalo unywele umekutwa nalo wakati huo. Ndiyo maana anayelala na kichwa kibichi huamka nywele zimelalia upande mmoja, na akizipitishia kitana kikavu zinakataa kuinuka mpaka azilowanishe tena. Hakuna aliyezitia dawa usiku. Zimekaukia hapo zilipobanwa na mto. Anayeviringisha nywele mbichi kwenye kitambaa anaitumia kanuni hiyohiyo kwa makusudi. Na pasi ya nywele je? Nayo hulegeza vifungo vilevile vya hidrojeni, ila kwa joto badala ya maji, kisha vikashikana tena unywele unapopoa ukiwa umezungushwa. Haina siri nyingine iliyojificha ndani yake. Mkunjo wa chuma na mkunjo wa kitambaa imefungwa kwa vifungo vya aina moja.

Kama matokeo ni hayo, tuangalie gharama. Pasi nyingi za umeme hufikia nyuzi joto 200, na nyingine huwekwa hadi 230. Keratini ya unywele mkavu huanza kuharibika muundo wake joto linapozidi nyuzi 200, na unywele ukiwa na unyevu kiwango hicho hushuka sana. Madaktari wa ngozi wameeleza pia hali ya mapovu ndani ya unywele: maji yaliyomo hugeuka mvuke kwa ghafla, yakakosa njia ya kutokea, yakaacha matundu, na unywele ukawa mkavu, mgumu, unaokatika ukiguswa. Koleo la kukunjia lenye nyuzi 125 tu, likishikilia unywele dakika nzima, linaweza kuleta mapovu hayo. Sasa fikiria kitana cha chuma kinachopashwa juu ya makaa, kama inavyofanyika palipokosekana umeme. Hakina kipimo chochote. Msusi hukipima kwa karatasi au kitambaa. Kikiunguza, anakipepea kipoe. Ni ujuzi wa miaka, siudharau. Lakini karatasi kutoungua si ushahidi kwamba unywele uko salama, kwa sababu unywele wenye unyevu huharibika kwenye joto ambalo karatasi hulivumilia bila hata kubadilika rangi. Na sijagusa bado masikio na shingo zilizoungua, jambo ambalo kila saluni inalijua na hakuna anayeliandika kwenye bango lake.

Hapa ndipo hali ya nywele zetu inapotofautiana na ile ya wanawake waliozaliwa na nywele zilizonyooka. Mtu wa namna hiyo, kule Ulaya au Asia, akitumia pasi anaiharibu nywele iliyokuwa nzima. Wa kwetu anaichoma nywele iliyokwisha kujeruhiwa. Dawa ya kunyoosha ni alkali kali. Ile yenye hidroksidi ya sodiamu huwa na pH ya 12 na kuendelea, na hata zile zinazouzwa kama za upole hazikai mbali sana na hapo. Kazi yake ni kuvivunja vifungo vya salfa, vile vigumu, na kuvigeuza visirudi tena kama vilivyokuwa. Unywele uliobaki umenyooka kwa sababu nguzo zake zimepunguzwa. Mtu anaweza kusema: basi nitatia dawa ya kukunja, ile ya kudumu, niachane na pasi. Hapana, dawa ya kukunja yenye thioglikoleti ikikutana na nywele zilizonyooshwa kwa hidroksidi huzikata, na msusi yeyote aliyesomea kazi yake ataikataa kazi hiyo hata akiongezewa pesa. Kwa hiyo mlango wa kemikali umefungwa, mlango wa moto unazidisha jeraha, na unabaki ule wa maji, unaovigusa vifungo dhaifu peke yake na kuviacha vile vigumu vichache vilivyosalia. Wengi huiona njia hii kama ya kujikimu, ya asiye na pesa ya pasi. Kwa nywele zenye dawa ndiyo yenye hoja bora kuliko zote, hata kwa tajiri.

Wala si jambo geni katika nchi hii. David Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mwezi Septemba 1869, akakwama huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu. Katika shajara zake, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, alieleza jinsi wanawake wa Manyema, Maniema yetu ya leo, walivyozitengeneza nywele zao: zilifanywa kwanza msokoto mrefu, kisha zikazungushiwa kitu fulani mpaka zikachomoza nyuma ya kichwa kwa umbo la kikapu. Mtu huyo hakuwa mwandishi wa mitindo, na mengi aliyoyaona Manyema miaka hiyo yalikuwa ya damu na minyororo. Hata hivyo alisimama kuyatazama hayo na kuyaandika. Ninachokiona mimi katika maelezo yake ni mbinu: kuzungushia, kubana, kuacha. Umbo la unywele lilitoka kwenye mkono na muda. Na huko Ulaya nako mambo hayakuwa tofauti sana kabla ya enzi ya vyuma vya saluni. Wanawake wenye nywele zilizonyooka walilala na vipande vya nguo au karatasi vichwani ili waamke na mikunjo, hata kama koleo za kupasha motoni zilikuwapo tangu zamani. Ni mwaka 1872, mjini Paris, ambapo Marcel Grateau aliipa koleo ya moto umaarufu wake mkubwa kwa mawimbi yaliyoitwa kwa jina lake. Mwanzoni mwa karne iliyofuata Mjerumani Karl Nessler akaja na mashine ya mkunjo wa kudumu kule London, na majaribio yake ya kwanza yaliziunguza nywele na ngozi ya kichwa ya Katharina Laible, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Chuma, kwa maneno mengine, kilikuja kushika nafasi ya kitambaa kwa sababu kiliifupisha kazi ya usiku mzima ikawa ya saa moja.

Kazi ya kitambaa ina utaalamu wake, na wengi walioijaribu wakashindwa walikosea mahali pamoja: maji mengi. Nywele zikilowa chapachapa kisha zikaviringishwa, hazitakauka kufikia asubuhi, na zisipokauka zimefunguliwa kabla vifungo havijashikana. Mkunjo unaanguka kabla mtu hajatoka mlangoni. Nywele zinatakiwa ziwe zimeoshwa na kuachwa mpaka zibaki na ubichi mdogo tu, au ziwe kavu na kunyunyiziwa kidogo. Mafuta yaje machache, yawe ya nazi au ya kokwa ya ngazi, na haya ya mwisho Maniema hatuna haja ya kuyaagiza mbali. Yakizidi, nywele zinakuwa nzito na mkunjo unalegea kwa uzito wake. Kisha fungu moja la nywele linaviringishwa kutoka nchani kuelekea kichwani juu ya kipande cha kikwembe, na ncha mbili za kitambaa zinafungwa pamoja. Fungu jembamba hutoa mkunjo mdogo wenye kukaa, fungu nene hutoa wimbi pana. Anayetaka mawimbi tu asukwe mabutu machache au misokoto ya nyuzi mbili, afungue kesho yake. Bigudi za plastiki zinafaa pia, ila kuzilalia ni adhabu. Jambo la mwisho ni kutozifungua nywele mpaka zikauke kabisa hadi ndani, na kuzifungulia kwa vidole. Kitana kikipita tu, kazi ya usiku imekwisha.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni la mvua. Sehemu hii ya Maniema ina kiangazi kifupi, na sehemu kubwa ya mwaka hewa imejaa unyevu; mkunjo wa maji, wanasema, utayeyuka kabla ya adhuhuri, afadhali wa chuma. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mkunjo wa chuma ungefungwa kwa kitu kingine. Haukufungwa kwa kingine. Vifungo vya hidrojeni vilivyoshikwa kwa joto huachia kwa unyevu sawasawa na vilivyoshikwa kwa kukauka, na kila aliyepigwa pasi asubuhi akanyeshewa saa nane mchana anajua alivyorudi nyumbani. Tofauti ni kwamba anayetumia pasi, mkunjo ukianguka, huirudia kesho yake, na kila kurudia ni kuchoma upya palepale. Anayetumia kitambaa akirudia hana cha kupoteza zaidi ya usingizi wa kubanwabanwa. Kwa hiyo unyevu wa Maniema, badala ya kuitetea pasi, unaishitaki, maana unailazimisha itumike mara nyingi zaidi kuliko ambavyo ingetumika mahali pakavu. Ninachokubali ni kwamba unyevu huo huchelewesha kukauka, na miezi ya mvua kubwa mtu aanze mapema jioni, si saa nne usiku.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wanaohubiri njia hizi hulipita kimyakimya: maji nayo hayana usalama kamili. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walilinganisha nywele zilizokaushwa kwa mashine katika joto tofauti na zile zilizoachwa zikauke zenyewe. Joto lilipozidi, sehemu ya nje ya unywele iliharibika zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini nywele zilizokauka zenyewe ndizo zilizoonyesha madhara katika gundi ya ndani inayoshikanisha seli, yumkini kwa sababu zilikaa na maji muda mrefu. Watafiti hao walishauri mashine ishikwe umbali wa sentimita 15 na isitulie mahali pamoja. Nalipokea tokeo hilo bila kinyongo, kwa kuwa linaniwekea mpaka hoja yangu badala ya kuivunja. Adui hapa ni chuma kinachogusa unywele kwa nyuzi 200. Upepo wa vuguvugu unaopita mbali ni jambo lingine, na mwenye umeme na haraka anaweza kuutumia kumalizia vitambaa vyake bila kuisaliti njia yenyewe. Utafiti huo pia unalitilia nguvu lile la maji machache: unywele ukianza na ubichi mdogo hukaa na maji muda mfupi, na gundi ile haiteseki. Kulala na kichwa kilicholowa kabisa, kimefungwa kitambaa kizito juu yake, ni kujitafutia harufu na mba, na wanawake wanaofunika vichwa, ambao Kasongo ni wengi tangu siku za Waungwana wa Kiislamu, wana sababu ya ziada ya kulichunga hilo.

Kuna na suala la kukaza. Unywele mbichi hunyumbulika na kukatika kwa urahisi kuliko mkavu, na msusi mwenye mkono mzito anaweza kufanya kwa kitambaa au uzi madhara ambayo pasi isingeyafikiria. Upotevu wa nywele kwa kuvutwa ulielezwa na madaktari tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliokaza nywele zao utosini, na utafiti uliofanywa Cape Town mwaka 2007 uliikuta hali hiyo kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa. Ukingo wa nywele kwenye paji la uso ndio unaoumia kwanza, na mizizi ikishakufa haioti tena. Hatari inapanda nywele zenye dawa zinapovutwa. Jibu langu ni fupi: mkunjo hautokani na kukaza. Unatokana na kuzunguka na kukauka. Kitambaa kinachouma kichwa kimefungwa vibaya na kifunguliwe hapohapo. Mteja anayeambiwa avumilie ili mtindo ukae anadanganywa, hata kama anayemwambia ni shangazi yake.

Wengine watasema haya ni mambo ya kijijini. Binti aliyesoma, aliyetembea Kindu au Bukavu, hawezi kutoka na uzi na vitambaa kichwani kama bibi yake. Lakini nani alisema atoke navyo? Vitambaa ni vya usiku. Kinachoonekana mchana ni mkunjo, na hakuna jicho linaloweza kutazama mkunjo likataja kilichouzungusha. Ajabu ni kwamba huko kwenye maduka ya miji mikubwa ya dunia leo zinauzwa fimbo laini za sponji na mikanda ya hariri ya kulalia, kwa bei nzuri, zikitangazwa kama uvumbuzi wa kukunja nywele bila moto. Tusingoje kikwembe chetu kiturudie kikiwa kwenye boksi. Na kwa anayevaa meshi, yaani nywele za bandia, yote haya hayamhusu sana: meshi nyingi ni plastiki, hazina keratini wala vifungo vya kuachia kwa maji baridi, na mikunjo yake huwekwa kwa kuchovya katika maji ya moto. Hapo hakuna unywele wa kuungua, ila kuna bega na mgongo, na sufuria ile isifike karibu na mteja kabla ya taulo.

Wasusi wenyewe ndio ninaodhani wana la kusema lenye uzito, kwa sababu ni riziki yao. Pasi inamaliza kichwa upesi na mteja analipa anapoinuka. Vitambaa vinamrudisha nyumbani akiwa hajapendeza bado. Ni kweli. Ila hesabu nzima haijafanywa. Pasi moja hutumikia kichwa kimoja, na palipo na jenereta inataka mafuta yaliyosafirishwa kwa njia ambazo kila dereva wa Maniema anazilaani. Palipo na sola, si kila betri inayoweza kuibeba. Vitambaa havina foleni: msusi na msaidizi wake wanaweza kufunga vichwa kadhaa alasiri moja, wote wakaenda kukaukia makwao bila kuchoma tone la petroli. Mteja mwenye pesa anaweza kununua pasi yake akaacha kuja saluni, lakini kujiviringisha mwenyewe kisogoni, mafungu yakalingana, si kazi ya kila mtu. Na nywele zisizokatika ndizo zinazorudi kusukwa mwezi ujao, ilhali aliyekatika nywele hukata zote au huhamia kwa msusi mwingine akimlaumu wa kwanza. Kinachobaki ni kupanga bei. Bibi harusi wa Jumamosi aje Ijumaa alasiri kufungwa, arudi asubuhi kufunguliwa, na bango la saluni liandike malipo ya kufunga na malipo ya kufungua kila moja peke yake, yakiwa pamoja chini kidogo ya bei ya pasi. Msusi wa Kasongo au Kabambare atakayejaribu hivyo kwa msimu mmoja wa harusi atajua upesi ni wateja wangapi walikuwa wakiulizia moto, na wangapi walikuwa wakiulizia mikunjo tu.